Kalenda ya Google kwa mipango ya huduma: inapolisaidia kanisa na inapoliacha njiani

Kamati nyingi za makanisa hukaa Novemba au Desemba, zikajaza mwaka mzima: semina, mikesha, mikutano ya injili, sikukuu ya mavuno, kongamano la vijana. Masika yakifika, ratiba ile imeshachorwachorwa kwa kalamu nyekundu na nakala zinazozunguka hazifanani. Kalenda ya Google ni ya bure kwa yeyote mwenye akaunti ya Gmail, hufunguka kwenye simu na kwenye kompyuta, na ndiyo ambayo makatibu wengi hukimbilia wanapotaka kuondokana na hali hiyo. Hapa inapimwa kwa kipimo kimoja tu: je, inalifaa kanisa linalopanga kwa bidii lakini linataka kubaki tayari kusogea Mungu akielekeza kwingine?

Kwa kusogeza tarehe inafaa, na inafaa sana. Inapungukiwa hasa mahali pawili, na hapo pawili ndipo penye uzito kwenye huduma: haitenganishi ahadi na kusudio, na haikumbuki kwa nini jambo lilibadilishwa. Yote mawili yanarekebishika kwa mkono, mradi kalenda ipangwe vizuri tangu mwanzo.

Kwa nini tofauti ya ahadi na kusudio ina uzito namna hii? Soma 1 Wakorintho 16:5–9. Paulo anasema atakaa Efeso hata Pentekoste, bila kusitasita. Kuhusu Korintho yenyewe anasema labda atakaa kwao, labda wakati wote wa baridi, Bwana akijalia. Barua ni moja, aya ni moja, na ndani yake mna mipango ya viwango viwili, kila kimoja kimesemwa kwa jina lake. Ukifungua 2 Wakorintho 1:15–17 unakuta safari imebadilika na watu wamekasirika, naye analazimika kujitetea kwamba hakutumia kigeugeu. Hata mtume anayeongozwa na Roho alidaiwa maelezo, kwa sababu waliokuwa upande wa pili walishahesabu safari ile kuwa neno lililotoka. Kalenda inayoonyesha kila kitu kwa sura moja inazaa ugomvi wa namna hiyo kila robo ya mwaka.

Kuipanga: kalenda tatu, akaunti moja

Anza na akaunti ya kanisa, usitumie Gmail ya katibu. Katibu akihamishwa au akikosana na wazee, kalenda huondoka naye. Namba ya simu ya kurejesha akaunti iwe laini ya ofisi ambayo hutumika kila wakati, kwa kuwa laini iliyokaa muda mrefu bila matumizi huweza kufungwa na mtandao na baadaye kupewa mtu mwingine.

Ndani ya akaunti hiyo tengeneza kalenda tatu. Fanya kazi hii kwenye kivinjari cha kompyuta. Mipangilio yote iko hapo na ni rahisi kuliona kila kitu kwa pamoja. Ya kwanza iite Ahadi: mambo ambayo mtu wa nje ameshaambiwa, fedha imeshatoka, au kibali kimeshaombwa. Ya pili iite Penseli: yale ambayo kanisa linakusudia lakini halijamfunga mtu yeyote. Ya tatu iite Wazi, nayo itaelezwa mbele.

Kila tukio jipya linazaliwa kwenye Penseli. Likikubaliwa, unalifungua kwenye kompyuta, unabonyeza kuhariri, unabadilisha jina la kalenda kutoka Penseli kwenda Ahadi, basi. Tukio linalojirudia, kwa mfano maombi ya kila Jumatano, huhama mfululizo wote kwa pamoja, kwa hiyo usilihamishe kama unataka siku moja tu ithibitishwe. Kwenye matukio ya Penseli weka pia alama kwamba muda huo uko huru, ili yasionekane kama yanazuia shughuli nyingine. Ujue tu kwamba Google haikatazi kugonganisha mambo. Ukiweka harusi na semina saa moja ukumbi mmoja, itaziweka bega kwa bega na kunyamaza.

Kosa la kawaida hapa ni kutegemea rangi. Wengi huambiana kwamba nyekundu ni lililothibitishwa na njano ni la kusubiri. Rangi ya kalenda, hata hivyo, kila mtu anajichagulia kwenye akaunti yake. Nyekundu yako inaweza kuwa kijani kwa mwenyekiti wa kwaya. Andika neno lenyewe mwanzoni mwa kichwa: PENSELI – Semina ya ndoa. Linaonekana baya, lakini linasomeka hata kwenye simu ndogo na hata kwenye karatasi iliyochapwa kwa wino mweusi.

Saa, usiku na tarehe zinazohama

Hapa Kalenda ya Google inaonyesha kwamba haikutengenezwa na mtu anayehesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Ibada ya saa nne asubuhi inaingizwa kama 10:00. Anayejaza kwa haraka huandika 4:00, na arifa inawaamsha watu alfajiri au inakuja jioni watu walishatawanyika. Dawa yake ni kuandika saa ya Kiswahili kwenye kichwa cha tukio (“Ibada, saa 4 asubuhi”), kisha mtu wa pili akahakiki tarakimu. Wenye huduma Goma, Bukavu, Kigali au Bujumbura wakumbuke kwamba wako saa moja nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi. Mkutano wa maombi kwa njia ya mtandao uwekewe ukanda wa saa wa mwandaaji, nayo kalenda itamhesabia kila mmoja saa ya kwake. Kwa kazi hiyo haina mpinzani.

Mkesha nao una mtego wake. “Usiku wa Ijumaa” kwa baadhi ya wazee ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi. Kwa vijana ni Ijumaa usiku. Weka mwanzo na mwisho kwa tarehe mbili, kwa mfano Ijumaa 21:00 mpaka Jumamosi 05:00, na kichwani andika “kuamkia Jumamosi”. Ukiliweka kama tukio la siku nzima, umeacha mlango wa mabishano.

Pasaka nayo haipangiki kwa kujirudia kila mwaka, maana kalenda itairudisha kwenye tarehe ile ile. Mwaka 2026 iko tarehe 5 Aprili, 2027 tarehe 28 Machi, 2028 tarehe 16 Aprili, na Pentekoste inafuata siku 49 baadaye. Ongeza kalenda ya sikukuu za Kikristo pamoja na ile ya sikukuu za nchi yako kutoka kwenye orodha ya Google yenyewe, usijaze kwa mkono. Ongeza na ile ya sikukuu za Kiislamu. Kwaresima ya 2027 inaanza Jumatano tarehe 10 Februari, na Ramadhani inatarajiwa kuanza siku hizo hizo. Kwa anayepanga mikutano ya jioni yenye vipaza sauti kwenye mtaa wenye msikiti, hilo ni jambo la kulijua mwaka mmoja kabla. Tarehe za Idd zichukuliwe kama makadirio, kwani hutegemea mwezi kuandama.

Mvua haimo kabisa. Iandike mwenyewe: tukio la siku nyingi, “MASIKA”, Machi hadi Mei kwa maeneo yenye misimu miwili. Kwa Dodoma au Mbeya, mvua ni moja ndefu, takriban Desemba hadi Aprili. Makanisa ya vijijini yaandike na msimu wa mavuno, kwa sababu mkutano uliowekwa watu wakiwa shambani utakosa watu, na uliowekwa kabla ya kuvuna utakosa sadaka. Kiongozi anayesema mlango umefungwa, kumbe aliweka mkutano wa uwanjani katikati ya Aprili, hajazuiwa na Roho, amenyeshewa.

Nani aruhusiwe kubadilisha

Google ina ngazi nne za kushirikisha kalenda: kuona tu kwamba muda una shughuli, kuona maelezo yote, kubadilisha matukio, na kubadilisha pamoja na kusimamia ushirikishaji. Kwa kanisa, mpangilio huu ni sehemu bora kuliko zote, na ndio unaopuuzwa zaidi, kwa sababu ni rahisi kumpa kila mtu neno la siri na kuendelea na mambo mengine.

Ngazi ya kubadilisha kwenye Ahadi wapewe watu wawili au watatu: mchungaji, katibu, mwenyekiti wa mipango. Viongozi wa idara wapewe kubadilisha kwenye Penseli na kuona tu kwenye Ahadi. Waumini waone. Ukisoma Matendo 16:6–10 utaona kwa nini. Roho Mtakatifu anawazuia Asia, kisha hawapati ruhusa Bithinia, wanateremkia Troa, na usiku Paulo anaona maono ya mtu wa Makedonia. Maono ameyaona mmoja. Uamuzi umeandikwa kwa wingi: “tuliona hakika ya kwamba Mungu ametuita.” Mlango wa kalenda ya Ahadi uwe na walinzi wawili kwa sababu hiyo hiyo. Mchungaji aliyeamka Jumamosi usiku akifuta semina ya kesho kwa simu yake, akaandika “Roho amesema”, hawezi kujua kwamba akina mama wa jikoni wameshanunua mchele, na kwamba kwaya ya jirani imeshalipa nauli. Gharama ya kusikia kwake inalipwa na watu ambao hawakuulizwa. Kubadilisha kuruhusiwe, hata usiku, lakini mtu wa pili aone kabla ya kufuta.

Na kikishafutwa? Kilichofutwa hukaa kwenye pipa la taka kwa takriban siku 30 na kinarudishika kupitia kompyuta. Hakuna kumbukumbu ya nani alibadilisha nini, kama ile iliyoko kwenye hati za Google. Hili ni pungufu la pili, na kwa huduma ni kubwa. Miezi sita baadaye kamati inakumbuka kwamba mkutano ulisogezwa, haikumbuki ni kwa sababu ya kibali, fedha, msiba, au msukumo wa maombi. Haiwezi kujifunza kutambua uongozi wa Mungu bila kumbukumbu ya mara zilizopita. Kwa hiyo kila tukio linaposogezwa, fungua sehemu ya maelezo uongeze mstari mmoja juu kabisa: tarehe ya mabadiliko, kutoka lini kwenda lini, sababu, waliokubali. Jambo lililoachwa kabisa usilifute. Lirudishe Penseli, ubadilishe kichwa liwe LIMEACHWA, sababu ibaki humo.

Tarehe za kuamua

Kwa jambo kubwa, tuseme mkutano wa injili wa siku tano uwanjani, usiweke tarehe ya mkutano peke yake. Weka na tarehe tatu za kuamua, kila moja ikiwa tukio linalojitegemea lenye waalikwa: siku 90 kabla, siku 45 kabla, siku 14 kabla. Arifa za kawaida haziwezi kufanya kazi hii, kwani mwisho wake ni wiki 4 kabla ya tukio. Tena arifa ni za kila mtu kwenye akaunti yake: uliyojiwekea wewe kwenye kalenda ya pamoja haimfikii mwenzako. Wengi hugundua hilo siku ya tukio.

Siku ya 90 maswali ni matatu: je, msukumo bado upo baada ya kuombewa na watu zaidi ya mmoja, je, watu wa kuuhudumia mkutano wapo, je, kuna njia ya fedha isiyo ya kukopa? Hapa kusimama hakugharimu kitu, kwa hiyo ndipo mahali pa kusikiliza kwa uhuru. Siku ya 45 ni ya kibali, uwanja, mhubiri mgeni na vyombo vya sauti. Malipo ya kwanza yasiyorudishwa yasitoke kabla ya kikao hiki. Siku ya 14 swali linabaki moja tu: kuna jambo jipya lililojitokeza, ambalo kama lingejulikana siku ya 45 lingetuzuia? Kama hakuna, woga na uchovu si ishara.

Jihadhari kuchukulia kila kikwazo kuwa jibu la Mungu. Pale pale Paulo anaposema atabaki Efeso, sababu anayotoa ni kwamba amefunguliwa mlango mkubwa, na papo hapo anaongeza kwamba wanaompinga ni wengi. Upinzani na mlango ulio wazi vilikaa mahali pamoja. Kikao cha siku ya 45 kinatakiwa kutenganisha kikwazo kinachovukwa kwa kazi (fomu haijajazwa) na kile ambacho kimegoma baada ya kazi yote kufanyika. Bithinia walijaribu kwenda. Walizuiwa wakiwa njiani, hawakuzuiwa wakiwa wameketi.

Hapa Kalenda ya Google inaliacha kanisa njiani: ukisogeza mkutano wiki tatu mbele, tarehe za kuamua na maandalizi yote hubaki zilipokuwa. Hakuna uhusiano kati ya tukio na tukio. Suluhisho ni jedwali, Excel au la Google. Kwenye seli E1 andika tarehe ya mkutano. Safu A iwe kazi, safu B siku ngapi kabla, na safu C fomula =$E$1-B2, kisha uivute chini. Mfano wa namba za B: ombi la uwanja 75, barua kwa mhubiri 60, vyombo vya sauti na jenereta 40, mafunzo ya washauri wa waongofu 21, matangazo 14, ukaguzi wa umeme na jukwaa 2. Ukibadilisha E1 zote husogea. Seli ikionyesha namba kama 46500 badala ya tarehe, badilisha muundo wake uwe tarehe, hesabu haijaharibika. Kisha nenda kalenda ukasogeze kwa mkono. Ni kazi ya robo saa, na inaudhi, lakini jedwali hukuonyesha papo hapo kama tarehe mpya imeiangusha kazi fulani kwenye Juma Takatifu.

Kalenda ya Wazi

Kalenda ya tatu inabeba nafasi zilizoachwa makusudi. Kwa kanisa la kawaida la mtaa, pendekezo ni Jumapili mbili kila robo bila mgeni, bila changizo na bila mada maalumu, na wikiendi moja kila robo isiyo na tukio lolote. Zitengenezwe kama matukio kamili yenye kichwa WAZI. Siku isiyo na kitu kwenye kalenda hutazamwa na kila idara kama kiwanja kisicho na mwenyewe. Nafasi hizi zisitumiwe kabla ya wiki tatu kubaki. Hapo ndipo hupewa msiba uliotikisa mtaa, toba iliyoanza kwenye mkesha na inayohitaji kuendelezwa, mmisionari anayepita, au mafuriko yanayotaka mikono. Isipotokea kitu, watu wapumzike. Tangazo la “tumepata nafasi, tuweke harambee” likatazwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Kinachoshindwa kabisa

Mialiko ya Google huenda kwa barua pepe, na waimbaji wa kwaya hawafungui barua pepe. Ukibadilisha tukio lenye waalikwa, programu huuliza kama itume taarifa. Ukijibu ndiyo, umejiridhisha na hakuna aliyesoma. Tangazo la kweli ni WhatsApp. Bandika ujumbe kwenye kikundi kwa siku 7 au 30, uwe mmoja tu, na kila mabadiliko yakitokea ubandue wa zamani kabla ya kubandika mpya. Andika tarehe ya zamani na mpya pamoja: “Semina: ILIKUWA Jumamosi tar. 9, SASA tar. 16.” Ukiandika mpya peke yake, nusu ya watu hudhani ni semina nyingine. Wasio na simu janja hupigiwa, na mtu wa kupiga awe ameandikwa jina kwenye maelezo ya tukio.

Bando likiisha, programu ya simuni bado huonyesha yaliyokwisha kupakuliwa, ila mabadiliko ya wengine hayataonekana mpaka mtandao urudi. Kwa sababu hiyo karatasi ya ubaoni bado inahitajika. Usichape mwonekano wa mwezi, maana majina marefu hukatwa. Chapa mwonekano wa ratiba, ambao huorodhesha kila tukio kwa mstari wake, na juu andika tarehe ya kuchapa ili nakala ya zamani ijulikane.

Kanisa lenye matukio machache, mchungaji mmoja na umeme wa kubahatisha halina haja ya haya. Kalenda kubwa ya ukutani, penseli kwa makusudio, kalamu ya wino kwa ahadi, na daftari la sababu vinatosha, na kwa kweli vinashinda Google kwenye kutenganisha viwango viwili kwa jicho. Karatasi za kunata ziepukwe. Vumbi na unyevu huzidondosha, na tukio hupotea bila mtu kujua. Kalenda ya Google inaanza kulipa pale penye idara tano au zaidi zinazogombea ukumbi mmoja, au mitaa kadhaa chini ya usharika mmoja, au wahudumu waliotawanyika nchi mbili. Usharika wa namna hiyo uipokee kwa masharti yaliyotajwa, na akabidhiwe mtu mmoja wa kuisafisha kila Jumatatu: kuhamisha yaliyothibitishwa, kuandika sababu za yaliyosogea, na kuandika LIMEACHWA kwenye yale ya Penseli ambayo hakuna aliyeyaombea wala kuyauliza tangu robo iliyopita.